Siku sita na begi la kompresa: Buguruni hadi Mtera wakati wa mgao

Jumapili, 11 Februari 2024. Buguruni

Basi langu ni la alfajiri, na mtu mwenye akili saa hizi angekuwa amelala. Lakini leo ni fainali ya AFCON, na jirani yangu mwenye kibanda umiza ameniwekea nafasi benchi la mbele. Mwaka juzi nilimtengenezea friji ya soda bila kumchaji, kwa hiyo kwake mimi ni mtu wa benchi la mbele.

Kiingilio amekipandisha, buku badala ya jero. Hakuna aliyenung'unika. Kila anayeingia anapita kando ya jenereta na kidumu cha petroli, na petroli Dar sasa ni elfu tatu na kidogo kwa lita, kwa hiyo hesabu kila mtu anajifanyia mwenyewe mlangoni.

Nigeria wakatangulia kwa kichwa cha Troost-Ekong. Kipindi cha pili Kessié akasawazisha. Tukawa tumekaa ukingoni mwa mabenchi, dakika ya sabini na kitu, mara giza tii. Jirani hakuwa na haraka. Akavuta kamba ya jenereta mara moja, mbili, ya tano ikashika, akahamisha swichi. TV zikawaka. King'amuzi ndicho kilichotuua: kinatafuta mawimbi, asilimia sifuri, asilimia kumi na mbili, asilimia arobaini, watu kama sitini wamekodolea macho namba zile kama wanahesabiwa kura. Picha iliporudi, Haller alishafunga na Ivory Coast walikuwa wanakumbatiana.

Vijana watatu wakadai nusu ya hela yao. Akawarudishia. "Nikiwabishia wiki ijayo hawaji," aliniambia baadaye akiwa anakunja waya. Nilimuuliza usiku kama huu unamwachia nini. Akatoa petroli, akatoa oili, akatoa jero zile tatu, akacheka tu, hakumalizia.

Niseme mapema ili msomaji asinione mtakatifu: mimi ni fundi friji, na mgao unanilisha. Umeme ukitulia mwaka mzima napata kazi za kujaza gesi na kubadilisha mipira ya milango. Mgao ukianza, simu haipumziki. Safari ya kesho yenyewe ni mgao umeileta. Kuna mama ananunua samaki Migoli, karibu na bwawa la Mtera, friza zake mbili zimekufa ndani ya wiki moja. Namba yangu kapewa na mtu wa soko la samaki la Feri. Njiani nina kazi ya Morogoro na mzigo wa mjomba wangu Ilula.

Begini nimeweka kompresa mbili, geji, kopo za gesi ya R134a, mirija ya shaba, relei na overlodi za saizi tofauti, kapasita, na friji gadi saba, vile vidude vya kukinga friji na umeme mbaya. Ya nane nilikuwa nimuwekee mke wangu, ana friza ya barafu za ubuyu pale nyumbani. Nimesema nikirudi.

Jumatatu, 12 Februari. Morogoro

Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Bendera nusu mlingoti. Edward Lowassa amefariki Jumamosi, na redio ya basi kutoka Mbezi mpaka Chalinze ilikuwa ni maombolezo na nyimbo za dini.

Mzee niliyekaa naye alikuwa kimya hadi Kibaha. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mtu anayechelea kumsema marehemu, "Na ameondoka kwenye mgao." Sikuwa na la kumjibu. Waliokuwa na akili timamu mwaka 2006 wanakumbuka: ukame, mabwawa yamekauka, serikali inatafuta umeme wa dharura, kampuni inaitwa Richmond inapewa kazi ya megawati 100, mitambo haifiki kwa wakati. Februari 2008 kamati ya Bunge ikasoma ripoti yake, na Lowassa, akiwa Waziri Mkuu, akajiuzulu. Mwenyewe alishikilia kwamba hakuwa na kosa. Mimi mwaka ule wa 2006 nilikuwa saidia fundi, nabeba kopo za gesi na kutumwa chai. Nimebadilisha kompresa kwenye mgao wa 2006, wa 2011, wa 2022, na huu. Kuna wateja nimeanza na baba sasa niko na mtoto.

Mzee alishuka Chalinze, akanitakia safari njema, akaniachia nusu ya korosho zake.

Morogoro nimeshukia Msamvu, nikachukua bodaboda hadi Kihonda kwa mama vifaranga. Fundi friji ana kazi gani na vifaranga? Mashine yake ya kutotolesha imetengenezwa na ganda la friji bovu nililomuuzia mimi. Friji ikishakufa, ganda lake bado linajua kutunza joto kama lilivyojua kutunza baridi. Fundi wa pale mtaani akatoboa matundu ya hewa, akaweka trei kumi za mayai thelathini thelathini, balbu nne za zile za zamani za waya, feni ya kompyuta na kidhibiti joto. Balbu zinapasha, kidhibiti kinakata kwenye 37.5. Mashine nzuri kabisa, mradi kuna umeme.

Leo ni siku ya kumi na nane kati ya ishirini na moja. Juzi usiku umeme ulikatika saa tatu, ukarudi saa sita kwa kishindo, balbu mbili zikapasuka na kidhibiti kikanyamaza. Nilipofika nilikuta chumba kama leba. Jiko la mkaa liko mlangoni na sufuria la maji ya moto. Chupa za lita moja na nusu zimefungwa vitambaa, zimepangwa chini ya trei. Shuka la Kimasai juu ya ganda zima. Mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ana kipima joto mkononi.

"Thelathini na nne na pointi nane," akasema kabla sijamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Ukifungua usifungue sana."

Nilifunga kidhibiti kipya huku ameshikilia shuka kama pazia, joto lisitoke. Kazi ya dakika ishirini tuliifanya kwa saa nzima. Tulipomaliza akachukua yai moja, akazima taa, akaliweka juu ya tochi ya simu. Ndani kweusi, ila juu kuna nafasi ya hewa, na pembeni ya weusi ule kitu kikasogea. Akalirudisha. Akachukua jingine, la trei ya chini. Halikusogea. Akalishikilia muda mrefu kuliko lile la kwanza, halafu akalirudisha nalo.

Mayai yale amenunua mia sita kila moja, mia tatu ni laki moja na elfu themanini. Vifaranga mia mbili vina mwenyewe, mtu wa Mvomero ameshatanguliza hela, na hela yenyewe ilishalipa ada ya mtoto.

Ukutani kuna karatasi: ratiba ya mgao, ile iliyosambaa kwenye simu bila mtu kujua kaiandika nani. Kaipeleka steshenari ikachapwa. Kila siku iliyolingana na ukweli ameiwekea vema kwa kalamu nyekundu. Kwa wiki mbili nilihesabu vema nne. Kwa hiyo ana ratiba yake nyingine. Dirishani kuna balbu haizimwi kamwe, inamtazama kitandani; hiyo ni ya kumwambia umeme umerudi. Na ana kundi la WhatsApp la wafugaji ambalo nusu ya maneno yake ni "umekata" na "umerudi". Ameshajifunza kwamba Msamvu wakikatiwa, kwake ni baada ya nusu saa hivi. Nusu saa hiyo ndiyo ya kuchemsha maji.

"Mimi mgao nauweza, fundi," alisema akinimiminia chai. "Waniambie saa nne hadi saa nane, nauweza. Nachemsha maji saa tatu na nusu, nafunika, nalala. Huu wa kuviziana ndio siuwezi."

Usiku gesti hakuna umeme, na mhudumu kanipa mshumaa na sahani. Nikakumbuka Unguja. Desemba 2009 kebo ya baharini iliyokuwa inapeleka umeme kutoka bara iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Mwaka 2008 walishakaa karibu mwezi mzima. Nilikwenda kutafuta kazi nikijua friji zitakuwa zinakufa, kumbe friji haziwezi kufa bila umeme. Zilikuwa zimezimwa tu, milango wazi, watu wameweka ndani nguo na vitabu. Nilichokuta ni majenereta Darajani yanaunguruma hata kusikilizana huwezi. Nikarudi Dar na nauli ya kukopa. Walioumia ni wengi, lakini biashara ya fundi kule ilikuwa hamna. Kinachonilisha mimi ni umeme unaoenda na kurudi.

Jumanne, 13 Februari. Mikumi hadi Ilula

Basi la Iringa. Kijana wa siti ya dirishani anauza nguo Johannesburg, amekuja kuoa. Anasema mgao wa kule una namba, hatua ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na mwaka jana ulikuwa mbaya kuliko miaka yote. Lakini kuna programu ya simu, inaitwa EskomSePush, unaandika mtaa wako inakwambia utazimika saa ngapi hadi saa ngapi. Shemeji yake ana saluni kule, wateja wa draya anawapangia saa za umeme, wa kusuka anawapangia saa za giza. Nikamkumbuka mama wa Kihonda na kalamu yake nyekundu.

Mikumi tulipita tembo watatu, na abiria wote wakahamia upande mmoja wa basi. Mji wa Mikumi ukishauacha, kushoto kuna barabara ya kwenda Kidatu. Huko ndiko kuna mtambo wa maji wa megawati 204. Nyaya kubwa za umeme huonekana na kupotea milimani. Umeme unakwenda Dar tunakotoka, sisi tunakwenda unakotoka. Ruaha Mbuyuni konda alishuka kununua vitunguu, abiria nao wakashuka, tukapoteza nusu saa. Kitonga tulipanda nyuma ya malori mwendo wa konokono.

Ilula nilimkuta mjomba amekaa nje ya kinu chake, kinu kimya. Ni mashine ya kusaga ya mota ya HP 20, inayotumia fezi tatu. Jumamosi fezi moja ilipotea na mashine ikiwa na mzigo. Mota ya fezi tatu ukiiachia mbili haizimi hapo hapo; inaendelea kuhangaika, inavuta moto mwingi, yaani umeme, kwenye zile zilizobaki, inanguruma vibaya, na kijana aliyekuwa anamimina mahindi hakujua ule mlio maana yake nini. Alipoona moshi tayari.

Mzigo niliombebea ni waya wa kusukia mota, kilo tano, bei ya Kariakoo. Fundi wa mota alikuwa ameshachana ile ya zamani. Nyaya zilizoungua zina harufu yake, kama karanga zilizosahauliwa jikoni, na mtu akishaizoea anaijua toka barabarani. Alianza kusuka saa tisa mchana: anazungusha mizunguko kwenye kibao, anahesabu kwa midomo bila sauti, anaipachika kwenye matundu moja moja, anagonga kwa kijiti cha mwanzi. Ukimsemesha anainua kidole. Akipoteza hesabu anarudia.

Wakati huo kina mama wanapita na madebe kichwani, wanamsalimia mjomba, wanaendelea na safari. Juu kidogo kuna mashine ya dizeli. Kule debe ni elfu moja mia tano, kwa mjomba elfu moja. "Hawa leo siwahesabu," alisema. "Nawahesabu wale watakaoendelea kwenda kule hata nikipona. Mtu akishazoea njia yake ya kusaga, na kule kuna duka la binti yake, harudi kwa sababu ya mia tano."

Mota ilifungwa saa mbili usiku kwa tochi. Umeme hakuna. Tukala ugali na mboga, tukalala.

Saa nane kasoro usiku nikasikia filimbi. Mjomba yuko uani na shati la kulalia, anapiga filimbi ya refa, na kijana wake anagonga madirisha ya jirani: "Umerudi! Umerudi!" Dakika kumi kuna wanawake saba kwenye foleni, wamejifunga khanga mabegani, mmoja ana mtoto mgongoni anaendelea kulala. Mjomba akashika swichi, akanitazama, akamtazama fundi wa mota aliyeamshwa naye, akasema bismillahi na yeye ni Mlutheri. Mota ikashika. Vumbi la unga likapanda kwenye mwanga wa balbu moja, watu wote wakawa weupe nyusi.

Tulisaga madebe kumi na tisa. Saa kumi na robo ukakata na debe la ishirini likiwa nusu. Mwenye debe akajaza nusu ya unga kwenye ndoo na nusu ya mahindi juu yake, akaenda nalo nyumbani hivyo hivyo.

Jumatano, 14 Februari. Iringa

Jumatano ya Majivu, na vilevile siku ya wapendanao, kwa hiyo mjini kuna watu wenye majivu kwenye paji la uso na watu wenye maua, na wengine wana vyote. Bucha niliyozoea kula mishikaki haikuchinja. Mwenyewe anasema kwa Kwaresima na mgao kwa pamoja, heri ng'ombe abaki hai.

Nimefikia kwa rafiki yangu karibu na Miyomboni. Mkewe ana saluni ya viti vinne. Leo wateja kumi na moja, wote wanataka kutoka kabla ya jioni. Umeme ulikata saa saba. Kijenereta chao ni kile kidogo cha kuchanganya oili, kinabeba taa, redio na mashine ya kunyolea. Draya hakiwezi, draya moja inakula zaidi ya wati elfu. Wale waliokuwa wameshafungwa rola wakatoka nje kukaa juani, wamepanga viti kando ya barabara kama watu wa harusi waliokosa gari. Mmoja alikata tamaa akajifunga kilemba juu ya rola, akaenda nazo. Rola ishirini na mbili. Mwenye saluni anazitaja rola hizo kuliko hela.

Nimelala mapema.

Alhamisi, 15 Februari. Migoli

Kutoka Iringa unapita Nduli, unashuka Nyang'oro, na joto linakupokea chini. Izazi, kisha Migoli. Bwawa linaonekana mkono wa kushoto, maji mengi. Mvua za El Niño hazikuwa mchezo. Watu wa hapa wanakuonyesha maji yale kwa mkono mzima, kisha wanakuonyesha taa zao zilizozimika, bila kusema neno. Ni swali nililoulizwa mara nne leo, kana kwamba fundi friji ni msemaji wa serikali. Ninachojua ni kilichosemwa hadharani: Septemba mwaka jana Rais Samia alimteua mkurugenzi mpya wa TANESCO na kumpa miezi sita mgao uishe, pengo lilitajwa kuwa zaidi ya megawati 400, mitambo mingine iko kwenye matengenezo. Na mtambo wa hapa Mtera ni megawati 80 tu. Umeme wake unaingia kwenye gridi kama mto unavyoingia baharini. Kuishi kando ya mto hakukupi wewe bahari.

Mama wa samaki ana banda la mabati, mizani ya kuning'inia na friza mbili za lita mia tatu na kitu, ukubwa wa majeneza. Ananunua perege na kambale kwa wavuvi asubuhi, anagandisha, gari la Dodoma linapita mara mbili kwa wiki. Tangu friza zife anawabanika juu ya moto wa kuni na kuwauza wakavu. Hasara aliniambia hivi: "Samaki mbichi namuuza kwa bei yangu. Mkavu namuuza kwa bei ya mnunuzi."

Umeme ulikuwepo nilipofika, kwa hiyo cha kwanza nikachomeka mita kwenye soketi. Inatakiwa isome mia mbili thelathini. Ilisoma 163. Nikamwita aangalie. Hajawahi kuambiwa kwamba umeme unaweza kuwepo na usitoshe. Taa inawaka, ina wekundu fulani tu, unadhani ni balbu kuukuu.

Ngoja nieleze, maana hili ndilo linaloua friji nyingi na watu hulaumu kiwanda. Kompresa inasukuma gesi upande mmoja kwa nguvu na kuivuta upande wa pili. Ikizimwa ghafla, ile gesi iliyoshindiliwa inahitaji dakika tatu, nne, tano kutulia, pande zote zilingane. Sasa umeme ukikata na kurudi baada ya sekunde kumi, kompresa inajaribu kuanza na mlango umefungwa kwa ndani. Inavuta moto mara tano au sita ya kawaida yake, haizunguki, inapata joto, overlodi inakata. Inapoa kidogo, inajaribu tena. Umeme ukiwa mdogo ni yale yale. Mara ya kumi, ya ishirini, waya wa ndani unaungua. Ndiyo maana kijenereta kama kile cha saluni ya Iringa hakiwashi friza hata kama friza ikishawaka inakula kidogo: kinashindwa ule mkupuo wa kwanza. Na ndiyo kazi ya friji gadi. Haina miujiza, inakaa tu kati ya soketi na friza, inapima, umeme ukiwa mbaya inakataa, ukirudi inasubiri dakika tatu kabla ya kuruhusu.

Nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya friza, umeme ulikata na kurudi mara tatu ndani ya saa moja. Nilisikia kijiji kizima kikilia: friji ya soda ya dukani, pampu, feni, zote zinashtuka pamoja.

Friza ya kwanza kompresa imekufa kweli, nikaibadilisha: kukata, kuchomea, kuvuta hewa, kujaza gesi. Ya pili nilipima waya za kompresa, ziko sawa zote tatu. Kilichoungua ni relei, ile inayoisaidia kompresa kuanza. Kidude cha elfu tano.

Hapo nikakaa chini kidogo. Mama yuko mbele anapima kambale, mwanawe ananiangalia lakini hajui anachokiona. Ameshaambiwa kwenye simu kwamba huenda zikahitajika kompresa mbili, na ameshatafuta hela ya kompresa mbili, laki mbili na nusu kila moja. Mwaka 2011 ningembadilishia. Nilifanya hivyo Dar, zaidi ya mara moja, nikiwa na kodi ya chumba inanisubiri, na hakuna aliyejua. Kompresa nzima unaing'oa, unaondoka nayo, unamuuzia mwingine kama ya mtumba.

"Mama, hii nyingine ni elfu tano," nikamwambia.

Akafikiri namtania. Aliponiamini, akacheka kwa sauti, akamwita jirani aje asikie. Nikampa na gadi mbili. Hizo hakuzitaka, elfu thelathini na tano kila moja kwa kidude cha plastiki. Tukabishana hadi chai ikapoa. Tulipofikia ni kwamba nimwachie, alipe nusu sasa kwa perege wabichi kwa bei ya ndani na nusu mwisho wa mwezi. Sijui perege hao watafikaje Buguruni. Nitawauza Dodoma.

Jioni ujumbe kutoka Kihonda: "137. Trei za chini zote hakuna kitu. Mtu wa Mvomero amekubali kusubiri." Nikauliza kama anaweka mayai mengine. Hakujibu hadi saa nne usiku: "Jumatatu."

Ijumaa, 16 Februari. Mtera

Friza zimefungwa lakini hazijajaribiwa vizuri, umeme ulikata jana saa kumi na moja jioni. Nililala bandani kwenye mkeka, kando ya mizani. Saa tisa usiku gadi zikawasha taa nyekundu, zote mbili kwa pamoja. Mama akawa ameshaamka, tukakaa tunaziangalia kama watu wanaosubiri maji yachemke. Dakika moja. Mbili. Nikamwambia hapo ndipo zile za zamani zilipokuwa zinakufa, hapa hapa mwanzoni. Ya tatu taa ikageuka kijani, friza ya kwanza ikaguna, ya pili ikafuata. Akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Usifungue hadi kesho," nikasema. "Na ikijaa, ukikatika, usifungue kabisa. Friza iliyojaa ikifungwa inakaa siku nzima na zaidi bila kuyeyuka. Watu wanaharibu kwa kuchungulia."

"Nikitaka kujua kama wameganda?"

"Usitake kujua."

Basi la Dodoma lilipita saa mbili asubuhi. Barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa, na basi linapunguza mwendo. Upande mmoja ziwa halina mwisho, upande wa pili mto kwenye mawe. Maji haya yakitoka hapa yanakwenda kuzungusha Kidatu, na yakitoka Kidatu yanaingia Rufiji kukutana na Bwawa la Nyerere, mashine tisa za megawati 235 kila moja, zote zikikamilika ni 2,115. Ya kwanza inatarajiwa kuwashwa mwezi huu huu. Kijana mmoja nyuma yangu alikuwa anaeleza hilo kwa sauti kubwa, ana uhakika ifikapo Machi mgao utakuwa hadithi. Nilikuwa na ndoo ya perege kati ya miguu na barafu inaanza kutoa maji, sikumbishia.

Mke wangu akapiga tukiwa tumeshavuka. Buguruni umeme umekatika toka alfajiri. Barafu za ubuyu zilianza kulainika akazigawa kwa watoto wa mtaa, zikawafikia hadi wale wa jirani wa kibanda umiza.

Nikamuuliza kama alichomoa plagi ya friza kwenye soketi.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia mtoto anacheka kwa mbali.

"Ngoja nikaangalie," akasema.